Rotunda ya Ford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja majengo maarufu ya Marekani, watu watakutajia Sanamu ya Uhuru au Ikulu. Wachache watataja jengo la mviringo lililosimama Dearborn, mji jirani na Detroit katika jimbo la Michigan, ambalo katika miaka ya 1950 lilipokea wageni wengi kuliko Sanamu hiyo. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza zaidi kuhusu Rotunda ya Ford.

Rotunda ya Ford ilikuwa nini hasa?

Lilikuwa jengo la maonesho la kampuni ya magari ya Ford, na lilikuwa wazi kwa yeyote, bila kiingilio. Lilisimama mara ya kwanza Chicago mwaka 1934, likafunguliwa, yaani likakongolewa kipande kwa kipande, likahamishiwa Dearborn na kufungua milango tena tarehe 14 Mei 1936. Liliteketea kwa moto tarehe 9 Novemba 1962.

Hukuenda Rotunda kwa ajili ya kununua gari. Ulikwenda kuona linavyotengenezwa: chuma kinatoka wapi, kioo kinamiminwaje, mpira unakuwaje tairi. Henry Ford alikuwa fundi kabla ya kuwa tajiri, na aliamini kwamba mtu akishaona kazi inavyofanyika, bidhaa itajisemea yenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya jengo lile.

Kwa nini lilijengwa Chicago wakati Ford ni kampuni ya Detroit?

Chicago ilikuwa na maonesho makubwa ya kimataifa ya kuadhimisha miaka 100 ya mji huo. Yalifunguliwa Mei 1933 kando ya Ziwa Michigan, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka huo wa kwanza Ford hakushiriki, na kisa chake kinafaa kusimuliwa.

Mwaka 1915, kwenye maonesho ya San Francisco, Ford alikuwa amewashangaza watu kwa kuleta mstari halisi wa kuunganishia magari. Kila siku mchana, isipokuwa Jumapili, mstari ule ulifanya kazi kwa saa 3, na gari moja lilitoka karibu kila baada ya dakika 10 mbele ya macho ya watu. Sasa mwaka 1933, washindani wake, General Motors, wakaja Chicago na wazo lilelile: wageni walisimama juu, wakatazama Chevrolet zikiunganishwa chini yao. Ford alichukizwa. Akajitenga na Chicago, akaandaa maonesho yake mwenyewe Detroit na New York.

Maonesho ya Chicago yalipoongezewa msimu wa pili, kuanzia Mei hadi Oktoba 1934, Ford akaingia kwa kishindo. Alichukua eneo la takriban ekari 11 na kujenga banda refu la karibu mita 275. Katikati ya banda hilo ndipo iliposimama Rotunda. Okestra ya simfoni ya Detroit ilipiga muziki kwenye bustani kando ya ziwa. Kulikuwa pia na ghala la mfano lililoonesha jinsi soya inavyokamuliwa mafuta na kutumika kutengeneza rangi na plastiki za magari, kwa kuwa Ford alikuwa mtoto wa mkulima na alishikilia kwamba shamba na kiwanda vinapaswa kulishana. Usiku taa zenye nguvu zilirusha miali ya mwanga juu angani kutoka kwenye Rotunda, na wapita njia mjini waliiona bila hata kukanyaga uwanja wa maonesho.

Nani alilichora?

Mchoraji alikuwa Albert Kahn, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1869 na kufika Detroit akiwa mtoto. Huyu ndiye aliyechora kiwanda cha Ford cha Highland Park, ambako mstari wa kuunganishia magari ulianza mwaka 1913, na sehemu kubwa ya kiwanda cha Rouge. Watu wa viwanda walimpenda kwa sababu alijenga haraka, alitumia zege na vyuma kwa akili, na alipenda mwanga wa jua uingie mpaka alipo mfanyakazi. Cha ajabu, hata banda la General Motors lililomuudhi Ford mwaka 1933 lilikuwa kazi ya Kahn huyohuyo.

Mambo ya ndani yalipangwa na Walter Dorwin Teague, mmoja wa waasisi wa ubunifu wa bidhaa za viwandani nchini Marekani.

Mbona watu husema lilifanana na gia?

Kwa sababu ndivyo lilivyochorwa. Chukua gia kadhaa za giaboksi, zipange moja juu ya nyingine, kubwa chini na ndogo juu, kisha zikuze mpaka zipite mita 30 kwenda juu. Kuta zake zilikuwa na mikunjo iliyosimama wima kama meno ya gia. Katikati palikuwa na uwanja wa mviringo usio na paa, na ukisimama hapo uliona anga.

Ninalipenda wazo hilo kwa unyoofu wake. Enzi hizo kampuni nyingi zilijenga ofisi zao kwa sura ya makanisa ya kale au mahekalu ya Ugiriki. Ford walichukua kipande kilichojaa grisi kutoka tumboni mwa gari, wakakifanya jengo.

Jengo zima lilihamishwaje kutoka Chicago hadi Dearborn?

Halikubebwa zima. Mabanda ya maonesho ya Chicago yalijengwa ili yavunjwe, na sehemu kubwa ya banda la Ford iliishia hukohuko. Kilichookolewa ni Rotunda yenyewe: kiunzi chake cha chuma kilifunguliwa, kikasafirishwa na kusimamishwa upya ng'ambo ya barabara ya Schaefer, mkabala na ofisi kuu ya Ford ya wakati huo, karibu na kiwanda cha Rouge. Kuta za muda za Chicago ziliachwa. Mahali pake pakawekwa mawe ya chokaa kutoka jimbo la Indiana, mawe yaleyale yanayopendwa kwa majengo ya serikali.

Hapa pana jambo la kukumbuka, kwa maana litarudi mbele. Kwa nje jengo lilionekana la milele. Ndani yake mifupa ilibaki ileile nyepesi ya banda la msimu mmoja.

"Barabara za Dunia" zilikuwa nini?

Kuzunguka Rotunda ya Dearborn kulikuwa na njia iliyojengwa kwa vipande 19, kila kimoja kikiiga barabara maarufu ya duniani. Mgeni alipanda gari jipya la Ford, na kwa dakika chache akapita juu ya mawe ya barabara ya kale ya Waroma ya Via Appia, akavuka barabara kuu ya kale ya India, akaonja njia ya wahamiaji wa Oregon, hadi akafika Woodward Avenue ya Detroit, ambako mwaka 1909 ilimwagwa maili ya kwanza ya barabara ya zege katika eneo lile.

Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, la kuonesha springi za gari zinavyomeza mashimo. Lakini pia lilikuwa somo la jiografia kwa watoto ambao hawangevuka bahari maishani mwao.

Uhusiano wa Rotunda na kiwanda cha Rouge ulikuwa upi?

Rotunda ilikuwa mlango wa Rouge. Wageni walikusanyika hapo, wakatazama maonesho, kisha wakapanda mabasi kwenda kukiona kiwanda chenyewe. Na Rouge haikuwa kiwanda cha kawaida. Meli zilileta mawe ya chuma na makaa upande mmoja, na upande wa pili likatoka gari lililokamilika. Kulikuwa na tanuu za kuyeyushia chuma, kiwanda cha kioo, umeme wao wenyewe na reli ya ndani. Mwaka 1929 walifanya kazi humo zaidi ya watu 100,000.

Historia ya Rotunda ikisimuliwa bila wafanyakazi hao inakuwa nusu. Tarehe 7 Machi 1932, miaka miwili kabla ya taa za Chicago kuwashwa, watu waliokosa ajira waliandamana hadi kwenye malango ya Rouge kudai kazi na mkate. Walipigwa risasi; wanne walikufa siku hiyo na wa tano baadaye. Tarehe 26 Mei 1937, mwaka mmoja tu baada ya Rotunda kufunguliwa Dearborn, viongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, akiwemo Walter Reuther, walishambuliwa na walinzi wa Ford kwenye daraja la waenda kwa miguu langoni pa kiwanda. Mpiga picha wa gazeti aliwanasa, na picha zile zikaenea nchi nzima. Ford hawakukitambua chama hicho hadi 1941.

Kwa hiyo miaka ileile ambayo wageni walikaribishwa kwa tabasamu kuja kuutazama mstari wa kuunganishia magari, waliofanya kazi kwenye mstari huo walikuwa wanapigania haki ya kusikilizwa. Sioni sababu ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Yalitokea mahali pamoja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwaje?

Milango ilifungwa kwa umma mwaka 1942. Jengo likatumiwa na jeshi la anga. Vita vilipokwisha lilibaki kwa mikutano ya kampuni na mawakala wake, na wananchi hawakurudishiwa mara moja.

Kwa nini mwaka 1953 unatajwa sana?

Mwaka huo kampuni ilitimiza miaka 50. Henry Ford alikuwa amefariki mwaka 1947, mwanawe Edsel alimtangulia mwaka 1943, na sasa mjukuu, Henry Ford II, ndiye aliyeongoza. Aliamua Rotunda ifunguliwe tena kwa sherehe, tarehe 16 Juni 1953. Ukingo wa juu ulizungushiwa taa kubwa 50 kama mishumaa ya keki.

Tatizo lilikuwa ule uwanja wa katikati. Ukiwa wazi, mvua na theluji ya Michigan viliufanya usifae kwa miezi mingi. Paa lilihitajika, ila wahandisi walipopiga hesabu walikuta kwamba kuba la chuma la kawaida lingekuwa na uzito wa karibu tani 160, na mifupa ile nyepesi ya Chicago isingelibeba.

Ndipo akaja Buckminster Fuller?

Ndipo. Fuller alikuwa mtu wa mawazo ambaye wengi walimwona mwotaji. Kwa miaka kadhaa alikuwa akihubiri kuba linaloundwa kwa pembetatu ndogondogo nyingi, kila moja ikiishika mwenzake, hivyo uzito ukasambaa kwenye ngozi nzima badala ya kuelemea nguzo. Alijenga mifano na wanafunzi, lakini hakuwa amepata kampuni kubwa ya kumpa kazi halisi. Ford wakampa, na muda ulikuwa mfupi: sherehe ya Juni haikungoja.

Kuba alilotengeneza lilikuwa na kipenyo cha futi 93, yaani zaidi ya mita 28, kwa fito za alumini na vigae vyepesi vinavyopitisha mwanga. Uzito wake? Tani 8 na nusu. Linganisha na zile 160. Mafundi walianzia kileleni: walikuwa wakiunganisha kuba juu ya mlingoti na kulinyanyua kadiri lilivyokua, mpaka likakaa mahali pake kama kifuniko cha sufuria.

Hilo lilikuwa kuba la kwanza la aina yake kujengwa kwa matumizi ya kibiashara. Mwaka uliofuata, 1954, Fuller alipata hataza ya Marekani kwa uvumbuzi huo. Mwanafunzi yeyote wa usanifu anayejifunza makuba haya anapaswa kuijua Dearborn kabla ya kuijua Montreal, Kanada, ambako Fuller alijenga kuba lake maarufu zaidi mwaka 1967.

Ni kweli lilipokea wageni wengi kuliko Sanamu ya Uhuru?

Ni kweli. Katika miaka ya 1950 Rotunda ilitajwa kuwa kivutio cha tano kwa wingi wa wageni nchini Marekani. Waliotangulia ni maporomoko ya Niagara, mbuga ya Great Smoky Mountains, makumbusho ya Smithsonian na mnara wa kumbukumbu ya Lincoln. Nyuma yake ikaacha Yellowstone na Sanamu ya Uhuru. Kwa wastani watu milioni 1.5 walifika kwa mwaka.

Ukijiuliza kwa nini, anza na bei: hapakuwa na kiingilio. Kisha kumbuka zama zenyewe. Familia za Marekani zilikuwa zimepata magari na likizo yenye malipo, na barabara zilikuwa zikipanuliwa. Baba aliyenunua Ford kwa mkopo alifurahi kuwapeleka watoto mahali lilipozaliwa gari lao.

Na Krismasi je? Wazee wa Detroit wanaizungumzia mpaka leo.

Wana haki. Maonesho ya Krismasi yalianza Desemba 1953 na kurudiwa kila mwaka, na katika misimu tisa karibu watu milioni 6 walipita. Kulikuwa na mti wa mita 11, karakana ya Baba Krismasi ambamo vinyago vilikuwa vikigonga nyundo na kupaka rangi, na hori la Betlehemu lenye sanamu za ukubwa wa mtu. Baadaye ikaja sarakasi ndogo inayojiendesha kwa mashine, yenye vipande 15,000, kila kimoja kikiwa kimechongwa kwa mkono: tembo, wacheza kamba, watazamaji na viti vyao.

Mimi kinachonigusa zaidi ni wanasesere. Wanawake waliofanya kazi Ford walishona nguo za wanasesere zaidi ya 2,000 kila mwaka, kila mmoja kwa mtindo wake. Wanasesere walipangwa kwenye maonesho, watu wakawatazama, halafu wakagawiwa kwa watoto wa familia zisizo na uwezo kupitia shirika la hisani la Goodfellows. Wazee wengi wa Detroit wanasahau magari waliyoyaona Rotunda, lakini foleni ya kumsubiri Baba Krismasi hawaisahau.

Moto ulianzaje?

Makuba ya Fuller yana viungo vingi mno, na kila kiungo ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya. Kwa hiyo vigae vya kuba la Rotunda vilihitaji kuzibwa. Ijumaa ya tarehe 9 Novemba 1962, mafundi wa paa walikuwa juu wakipaka dawa ya kuzuia mvujo. Siku ilikuwa ya baridi, na dawa hiyo huwa nzito kwenye baridi, hivyo ilikuwa ikipashwa joto ili ipakike. Mvuke wake ukashika moto, muda mfupi baada ya saa 7 mchana.

Moto ulikimbia kwenye paa na kuanguka ndani. Huko chini mapambo ya Krismasi ya mwaka huo yalikuwa yanapangwa: vitambaa, mbao nyembamba, karatasi, yote yanayoshika moto upesi. Kuta za mviringo zilifanya kazi ya bomba la moshi, zikiuvuta moto juu. Zimamoto walifika, lakini hapakuwa na cha kuokoa. Kuba liliporomoka, kisha kuta. Katika muda wa saa moja hivi jengo lililochukua misimu miwili ya historia, Chicago na Dearborn, lilikuwa kifusi.

Kuna aliyekufa?

Hapana. Wote waliokuwa ndani na juu ya paa walitoka hai.

Wepesi wa kuba ndio uliochoma jengo?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wa uhandisi, na linafaa kujibiwa kwa uangalifu. Umbo la kuba halikuwa na kosa. Lilibeba theluji na upepo kwa miaka tisa. Hatari ilikuwa kwenye mchanganyiko: ngozi inayoungua, viungo vinavyohitaji kuzibwa kila mara, dawa yenye mvuke unaowaka, na chanzo cha joto juu ya paa. Ondoa kimojawapo na Rotunda ingebaki.

Mfano wa pili unathibitisha. Mei 1976, ngozi ya plastiki ya kuba la Fuller kule Montreal iliungua yote mafundi wakichomelea vyuma. Kiunzi cha chuma kilibaki kimesimama, na leo ni jumba la makumbusho ya mazingira. Rotunda haikubahatika hivyo.

Mbona Ford hawakuijenga upya?

Kufikia 1962 mambo yalikuwa yamebadilika. Ofisi kuu ilikuwa imehamia jengo jipya la vioo tangu 1956, na televisheni ilikuwa imeanza kufanya kazi ya matangazo ambayo zamani ilifanywa na jengo. Ziara za Rouge ziliendelea bila Rotunda mpaka 1980.

Binafsi naona hasara ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Tangazo la televisheni halimruhusu mtoto kugusa bamba la chuma na kuuliza limepashwa joto kiasi gani.

Leo kuna nini mahali pale?

Kuna kituo cha mafunzo ya ufundi cha chuo cha Henry Ford College, ambako vijana hujifunza uchomeleaji, umeme wa viwandani na kazi za mitambo. Barabara ya jirani bado inaitwa Rotunda Drive, na madereva wengi huipita kila siku bila kujua jina limetoka wapi.

Kuna jengo lolote la maonesho la Ford la zama hizo lililobaki?

Lipo moja, San Diego, jimbo la California. Lilichorwa na Teague kwa ajili ya maonesho ya mwaka 1935 katika bustani ya Balboa, nalo ni la mviringo. Ukutani ndani mna mchoro mrefu unaoonesha safari ya usafiri wa binadamu tangu miguu mpaka mashine. Baada ya maonesho lilikaa miaka mingi bila kazi ya maana. Mwaka 1978 makumbusho ya ndege ya mji huo yaliteketea kwa moto katika jengo lingine la bustani hiyohiyo, na waliopoteza kila kitu wakahamia katika jengo la Ford. Wamo humo tangu 1980.

Nikienda Dearborn leo nitaona nini?

Huwezi kuiona Rotunda, lakini Rouge unaweza. Ziara zilirejeshwa mwaka 2004 na huanzia kwenye makumbusho ya The Henry Ford, ambako unapanda basi. Utatembea kwenye njia ya juu, ukiwatazama wafanyakazi wakiunganisha malori madogo ya F-150, na utapelekwa mahali pa kuliona paa la kiwanda lililopandwa mimea kwa ekari zaidi ya 10. Ulizia kabla kama siku hiyo mstari unafanya kazi, maana kiwanda kina likizo zake. Na ukirudi kwa gari lako mwenyewe, pita Rotunda Drive.